Hamali na Muungwana

Mti mkubwa hujulikana kwa matunda yake, lakini si kila tunda lake hufika sokoni. Mengine huivia kileleni, mbali na mkono wa mchumaji, yakaanguka na kuoza chini bila ya kuonjwa. Ndivyo zilivyo kazi za mastadi wengi wa sanaa. Watu huchagua mbili tatu, wakazisifu kizazi baada ya kizazi, na nyingine, ambayo pengine yazishinda zote, ikabaki kando kwa sababu ilikuwa chungu ulimini, au iliwaudhi wakubwa, au ilifika kabla ya wakati wake.

Marlon Brando, mwigizaji wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2004, ni mmoja wa mastadi hao. Akitajwa, wapenzi wa sinema hukumbuka mara moja A Streetcar Named Desire ya mwaka 1951. On the Waterfront ya mwaka 1954, iliyompatia tuzo ya Oscar. Na The Godfather ya mwaka 1972, iliyompatia tuzo hiyo mara ya pili, naye akaikataa kwa kulalamikia jinsi wenyeji wa asili wa Marekani walivyokuwa wakionyeshwa katika sinema. Ni wachache wanaoitaja Queimada, picha iliyotoka Italia mwaka 1969, na ambayo wasemao Kiingereza waliipa jina la Burn! Hata hivyo, Brando mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1994, aliihesabu kazi yake humo kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa alizopata kuzifanya. Neno la msanii juu ya kazi yake mwenyewe si hukumu, kwani kila mzazi humwona mwanawe mzuri. Lakini katika jambo hili naamini kwamba alisema kweli, na nia ya insha hii ni kuonyesha sababu.

Mwongozaji wa picha hii alikuwa Gillo Pontecorvo, Mwitalia aliyezaliwa Pisa mwaka 1919, ambaye katika Vita Kuu vya Pili alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa siri waliowapinga Mafashisti. Kabla ya Queimada alikuwa ametengeneza The Battle of Algiers, picha ya vita vya Waaljeria vya kudai uhuru wao kwa Wafaransa, ikapata tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice la mwaka 1966. Katika picha ile alionyesha jinsi mkoloni anavyong'olewa. Katika hii alitaka kuonyesha jambo gumu zaidi: jinsi bwana mmoja anavyoweza kuondoka, na bwana mwingine akaketi katika kiti kile kile kabla hakijapoa.

Brando naye aliingia katika kazi hii kwa hiari yake. Alikuwa ametakiwa acheze katika picha ya Elia Kazan, mwongozaji aliyemtoa katika ujana wake. Lakini Martin Luther King alipouawa mwezi wa Aprili mwaka 1968, Brando alijitoa katika mpango huo. Alikuwa amekwisha kuandamana pamoja na wadai haki za Weusi mjini Washington mwaka 1963, na sasa alitaka ustadi wake utumike pale moyo wake ulipokuwa.

Haifai kuisifu picha kabla ya kuieleza. Queimada ni kisiwa cha kubuniwa katika Bahari ya Karibi, na jina lake, kwa Kireno, maana yake ni kilichochomwa. Yasimuliwa kwamba hapo zamani Wareno walikitia moto kisiwa kizima ili kuvunja upinzani wa wenyeji. Wenyeji wakaangamia, na mahali pao wakaletwa watumwa kutoka Afrika kulima miwa. Hadithi yaanza katikati ya karne ya 19, merikebu ikimleta Mwingereza mmoja, Sir William Walker. Kabla hajatia mguu nchi kavu, anaonyeshwa jabali jeupe baharini, na kuambiwa kwamba weupe ule, kwa masimulizi ya watu, ni mavumbi ya mifupa ya watumwa waliofia safarini. Mgeni atazama, asikia, kisha safari yaendelea. Ametumwa na serikali yake kwa siri aung'oe utawala wa Wareno, ili biashara ya sukari ipite katika mikono ya Waingereza.

Mtu aliyetumainiwa kuongoza maasi amekwisha kuuawa. Basi Walker atafuta mwingine, na ampata bandarini: hamali aitwaye José Dolores, aliyekuja kumchukulia mizigo. Amtia majaribuni kwa matusi, na anapoona kwamba hasira ya mtu huyu haijafa, afurahi kama mnunuzi aliyepata farasi mzuri. Amfundisha yeye na wenzake kuiba dhahabu ya benki, kisha awafichulia askari habari zao, ili wasiwe na njia ya kurudi nyuma. Halafu awapa bunduki. Wizi wageuka vita, na vita vyageuka mapinduzi. Wakati huo huo awashawishi wenye mashamba, watu weupe na machotara, waukatae utawala wa Wareno. Gavana auawa usiku wa sherehe na karani mmoja mpole, Teddy Sanchez, na Walker ndiye amshikaye mkono karani huyo ili bastola isitetemeke.

José aingia mjini na jeshi lake la watumwa wa jana, wakiimba. Lakini baada ya kushinda agundua kwamba hajui nani atanunua sukari, wala nani atapanga bei, wala merikebu zitatoka wapi. Aweka silaha chini kwa ahadi kwamba utumwa utakoma. Walker aondoka, na José mwenyewe ambebea mzigo wake hadi gatini, wakanywa pamoja kama ndugu.

Miaka kumi yapita. Utumwa umekwisha, lakini kisiwa kimekuwa mali ya kampuni ya sukari ya Waingereza, na José yuko milimani tena na panga lake. Wakubwa wa kampuni wamtafuta mtu ajuaye fikira za mwasi huyu kuliko mtu yeyote, wampata Walker London, amezama katika ulevi na ugomvi. Wamkodi. Naye arudi kumwinda mtu aliyemwumba kwa mikono yake mwenyewe, akachoma vijiji, akahamisha watu, akateketeza misitu ya milimani, hata kisiwa kikaungua kwa mara ya pili.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa tutazame kazi ya mwigizaji.

Katika picha nyingi za namna hii, mtu mbaya hujulikana tangu anapotokea. Uso wake umekunjamana, sauti yake ni ya ngurumo, na mtazamaji huketi kwa raha kitini pake akimchukia. Brando hakumpa mtazamaji raha hiyo. Walker wake ni mtu wa kupendeza. Nywele zake ni za rangi ya dhahabu, amejifunga kitambaa shingoni, sauti yake ni ya upole kama ya mtu anayemzungumza mgonjwa, na mwendo wake ni wa mtu asiyekuwa na haraka kwa sababu ajua kwamba mambo yote yatakuja kwake. Ana mzaha. Ana ushujaa, kwani hajifichi mbele ya hatari. Na zaidi ya yote, ampenda José Dolores kwa kweli. Anapomtazama hamali wake akijifunza kuwa jemadari, macho ya Brando yang'aa kwa fahari ambayo si ya uwongo.

Hapa ndipo penye siri ya picha, na hapa ndipo wengi walipoikosea. Ilipasa sisi watazamaji tumpende Walker. Kama tusingempenda, tungeuliza: huyu José alikuwa mjinga kiasi gani hata akadanganywa? Tungemdharau, na tungejisifu kwamba sisi tusingeingia mtegoni. Lakini kwa kuwa sisi wenyewe tumevutwa na tabasamu lile, tumecheka kwa mizaha yake na kumtakia ushindi katika hila zake, inapofika nusu ya pili ya picha twajikuta tumesimama pale aliposimama José: tumetendewa ubaya na mtu tuliyemwita rafiki. Ustadi wa Brando ni kwamba ametufanya washiriki katika kosa, kisha akatuonyesha bei yake. Mwigizaji mwenye jina dogo, au mwenye uso usiopendeka, asingeweza kuifanya kazi hiyo. Ilihitaji mtu ambaye dunia nzima ilikuwa imezoea kumpenda.

Lugha yetu ina neno lifaalo kutufungulia jambo hili. Muungwana, katika asili ya matumizi yake pwani, alikuwa mtu huru asiyekuwa mtumwa. Baadaye neno likapata maana ya mtu mwenye adabu, mstaarabu, mwenye maneno mazuri. Maana ya kwanza ilihusu hali ya mtu. Ya pili yahusu mwenendo wake. Walker ni muungwana kwa maana zote mbili, na picha nzima yauliza kama maana hizo zaweza kukaa pamoja. Mtu aweza kuwa na adabu zote za dunia, akainua kofia yake, akashukuru kwa glasi ya maji, na huku ndiye anayefanya wengine wasiwe waungwana kamwe. Brando hakulihubiri neno hili. Alilicheza, kwa vidole na kwa sauti.

Mtazame tena katika nusu ya pili. Ndevu zimeota, macho yamechoka, na mzaha umebaki kama desturi tu. Yule mtu aliyekuwa akiyafanya mambo kwa furaha ya akili yake sasa ayafanya kwa ujira. Hana chuki na José. Hana hata imani katika kampuni inayomlipa. Ni fundi aliyepewa kazi, naye hupenda kazi yake itimie vizuri, basi. Nadhani hakuna picha iliyoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi uovu mkubwa unavyoweza kutendwa na mtu asiyekuwa na ghadhabu yoyote moyoni.

Katika mkutano wake na wenye mashamba, Walker atoa hoja ambayo mwanafunzi wa historia hapana budi aisikilize kwa makini. Awauliza kipi kina gharama ndogo, mtumwa au kibarua? Mtumwa hununuliwa kwa fedha nyingi, hulishwa hata siku ambazo hakuna kazi, huuguzwa, na akifa huzikwa kwa gharama ya bwana wake. Kibarua hulipwa kwa siku anayofanya kazi, na jua likitua hana tena anayemhusu. Walker alieleza neno hili kwa mfano wa mke wa nyumbani na mwanamke wa kulipwa, mfano wa kejeli ambao wenye mashamba waliupokea kwa kicheko kwanza, kisha kwa kimya cha kufikiri. Katika kimya hicho mtazamaji aona utumwa ukihukumiwa kufa, si kwa sababu ni dhambi, bali kwa sababu ni ghali.

Mtu asidhani kwamba hayo ni maneno ya sinema tu. Waingereza walipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yao mwaka 1833, bunge lilitenga paundi milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walipewa mabwana. Watumwa hawakupewa kitu. Tena wengi wao walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1838 kwa jina la uanagenzi. Watu wa Haiti, waliojikomboa kwa vita na kutangaza uhuru wao mwaka 1804, walidaiwa na Ufaransa mwaka 1825 faranga milioni 150 ili uhuru huo utambuliwe. Pwani yetu nayo iliyaona mambo ya namna hiyo: utumwa ulipokomeshwa kwa sheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia ilikuwa ni haki ya mwenye mtumwa, na ardhi ilibaki ni ya mwenye shamba. Jina William Walker nalo limechukuliwa katika historia: lilikuwa la Mmarekani aliyejitwalia urais wa Nicaragua mwaka 1856, akapigwa risasi huko Honduras mwaka 1860. Pontecorvo na waandishi wake, Franco Solinas na Giorgio Arlorio, waliokota mambo ya nchi nyingi wakayapanda katika kisiwa kimoja.

Nimesema mengi juu ya Brando, na ni haki sasa niseme juu ya mtu aliyesimama mbele yake. Kampuni ya Marekani iliyogharimia picha ilitaka José Dolores achezwe na Sidney Poitier, mwigizaji Mweusi aliyekuwa mashuhuri kupita wote wakati huo. Pontecorvo alikataa. Huko Kolombia, ambako sehemu kubwa ya picha ilipigwa, alimwona mchunga ng'ombe mmoja, Evaristo Márquez, ambaye hakuwa amepata kuigiza maishani mwake. Akamchukua. Márquez alikuwa mtu wa San Basilio de Palenque, mji karibu na Cartagena uliojengwa na watumwa waliowatoroka Wahispania katika karne ya 17 na kuutetea uhuru wao kwa silaha. Hadi leo watu wa huko wana lugha yao wenyewe, ambayo maneno yake mengi ni ya Kihispania, lakini ndani yake yamo mabaki ya Kikongo. Ng'ombe kwa lugha hiyo ni ngombe. Msomaji wa Kiswahili ahitaji kituo kidogo hapa, afikiri jinsi neno moja la Kibantu lilivyovuka bahari ndani ya merikebu ya watumwa, likaishi kwa zaidi ya karne tatu midomoni mwa watu waliokataa kutawaliwa, na jinsi mmoja wa watu hao alivyosimama sawa kwa sawa na mwigizaji mkuu wa dunia.

Naye alisimama sawa kweli. Brando alikuwa na hila zote za sanaa. Márquez alikuwa na uso. Katika nusu ya kwanza uso huo hujifunza, hucheka, hushangaa. Katika nusu ya pili umefungwa kama mlango. José anapokamatwa, Walker azunguka pembeni yake akitafuta neno moja tu kutoka kwake, la hasira au la msamaha, naye hapewi. Mfungwa azungumza na askari wanaomlinda, hasemi na muungwana. Awaeleza kwamba uhuru ukipewa na mtu si uhuru, bali uhuru ni kitu unachojitwalia mwenyewe. Brando, bingwa wa maneno, aachwa bila ya mtu wa kusema naye, na twaona nguvu zikihama polepole kutoka kwa aliye juu ya farasi kwenda kwa aliyefungwa kamba.

Walker ajua pia hatari ya kumwua. Mtu hai aweza kununuliwa, au kuchoka, au kukosea; aliyekufa kwa ajili ya watu wake hawezi tena kufanya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo amfungulia José mlango akimbie, na José akataa kutoka, kwani naye amekwisha kuijua hesabu hiyo. Wakenya hawahitaji kuelezwa sana hapa. Katika miaka ya Hali ya Hatari watu zaidi ya milioni moja walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kuanzia mwaka 1954, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa pasipo alama. Miaka 50 baadaye, siku ile ile ya mwaka, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya mji wa Nairobi. Pontecorvo hakuwa akisimulia habari za Kenya, lakini Walker angaliielewa sanamu ile mara moja.

Kwa nini basi picha kama hii ikasahauliwa? Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Hapo mwanzo watawala wa kisiwa walikuwa Wahispania, na jina lilikuwa Quemada. Serikali ya Jenerali Franco ilikasirika, na watengenezaji waliogopa kufungiwa soko la Hispania. Basi Wahispania wakageuzwa Wareno, Quemada ikawa Queimada. Sababu ya pili ni ya kibiashara. Picha ya Kiitalia ilikuwa na urefu wa dakika 132. Ilipofika Marekani ilikatwa ikabaki dakika 112. Hapo likazuka jambo la kusikitisha: katika picha ndefu, maneno yametiwa kwa Kiitalia na sauti ya Brando haimo, katika picha fupi sauti yake imo, lakini hadithi ina mapengo. Aliyetaka kuiona kazi yote na kuisikia kazi yote hakuwa na mahali pa kwenda.

Sababu ya tatu ni ugomvi. Brando na Pontecorvo walikosana vibaya katika joto la Kolombia, hata Brando akaondoka, na sehemu iliyobaki ikamalizwa Morocco. Katika kitabu chake Brando alidai kwamba waigizaji wadogo walio Weusi walikuwa wakilipwa pungufu kuliko Weupe, jambo ambalo lingekuwa la aibu katika picha ya namna hiyo. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho alimsifu Pontecorvo kuwa miongoni mwa waongozaji bora aliopata kufanya kazi nao. Wapo pia wataalamu waliosimama upande wa picha hii, akiwemo Edward Said, mwanachuoni Mpalestina, aliyeithamini sana pamoja na ile ya Algiers.

Lakini mhakiki mwaminifu hana budi kuzikabili lawama. Wapo wasemao kwamba picha hii yahutubu mno. Ni kweli kwamba Walker husema sana, na mara nyingine husema kama kitabu. Lakini anayehutubu ni yeye, si picha. Maneno mengi ni silaha yake, kama panga lilivyo silaha ya José, na picha yaishia kwa kuyapa maneno hayo jibu lisilo la maneno. Wapo wasemao kwamba historia yake si sahihi, kwani Wareno hawakutawala visiwa vya sukari vya Karibi. Hilo ni kosa la kweli, nasi tumekwisha kuona lilikotoka; lawama na iwaendee waliolitaka.

Lawama iliyo nzito kuliko zote ni hii: kwamba shujaa Mweusi ameumbwa na mtu Mweupe, ambaye ndiye afikiriye yote, na Mwafrika ni mwanafunzi wake tu. Siwezi kuipuuza lawama hii, na sitaki mwanafunzi aipuuze. Katika nusu ya kwanza ina ukweli. Tena picha yatupeleka mara nyingi katika chumba cha Walker, na mara chache katika kambi ya José. Ningependa kujua zaidi yaliyosemwa huko milimani katika ile miaka kumi. Lakini hoja ya picha ni kwamba uhuru uliofundishwa na mgeni haukudumu mwaka mmoja, na kwamba maasi ya pili, ambayo José aliyaanza bila ya mwalimu, ndiyo yaliyowalazimu mabwana kuchoma kisiwa kizima. Mwanafunzi alimshinda mwalimu pale alipoacha kuwa mwanafunzi wake. Picha yenye dosari hii lakini yenye uwezo wa kuijadili dosari hiyo ndani yake yenyewe ni bora kuliko nyingi zisizo na dosari wala fikira.

Muziki wake nao usisahauliwe. Uliandikwa na Ennio Morricone, na jeshi la José linapoingia, kinanda na sauti za waimbaji zapanda pamoja hata mtazamaji atamani kusimama. Pontecorvo alijua kwamba furaha hiyo itasalitiwa, na kwa hiyo aliiacha ijae hadi pomoni.

Nimeuweka mwisho wa picha katika mwisho wa maneno yangu. José amekwisha nyongwa. Kazi imekwisha, ujira umelipwa, na Walker atembea gatini kuelekea merikebuni. Nyuma yake sauti ya kijana yamwuliza kama abebewe mizigo, kwa maneno yale yale aliyosikia siku ya kwanza. Brando ageuka, na kabla hajaona ni nani, tabasamu lamjia usoni. Ni tabasamu la mtu aliyesikia sauti ya rafiki yake aliyekufa, na kwa nukta moja amesahau kwamba yeye ndiye aliyemwua. Kisha kisu chaingia. Katika tabasamu hilo mna upendo wake wote na hatia yake yote, wala hapana neno hata moja lililosemwa. Mwigizaji aliyejulikana kwa makelele ya A Streetcar Named Desire na minong'ono ya The Godfather hakupata kufanya jambo kubwa zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Mwanafunzi atakayebahatika kuiona picha hii, na aiangalie mara mbili. Mara ya kwanza na amfuate Walker, kama picha itakavyo, na asione haya kuvutwa naye. Mara ya pili na awatazame mahamali: wale wanaosimama nyuma bandarini, wasiotajwa majina, ambao kamera huwarudia mwanzo na mwisho. Mmoja wao alibeba mzigo wa muungwana na kuaminiwa kuwa rafiki; mwingine alikuja na kisu. Na wale wengine, nyuso zao zikitazama kimya juu ya maiti ya mgeni, bado hawajasema watafanya nini kesho.